UZI: Asilimia 95 ya ulimwengu haijulikani ni kitu gani, njooni tuongee maada ya giza

Mwana Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kule kwenye uzi wa sayari kuna mkuu kaandika kwamba maada ya giza ni jina tu walilobuni wazungu baada ya hesabu zao kugoma. Nimeanza kumjibu kulekule ikawa ndefu mno, nkaona bora niifungulie uzi wake. Nitaiweka vipande vipande maana niko dukani Ngamiani, mteja akija naweka simu chini. Na habari za "fupisha mkuu" sitaki, asiye na muda apite salama.

Tuanze na kiasi. Chukua kila kitu unachokijua, bahari, mashamba ya mkonge, milima ya Usambara, jua, sayari zote, nyota zote za galaksi yetu (yaani hili kundi kubwa la nyota ambalo jua letu limo) na za galaksi zingine zote, ongeza na gesi iliyotapakaa katikati yao ambayo kwa taarifa yako ni nyingi kuliko nyota zenyewe. Vyote hivyo ni atomu, na vikijumlishwa vinafika kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Asilimia 27 hivi ni maada ya giza, yaani kitu chenye uzito na mvuto ila hakionekani. Iliyobaki, 68, inaitwa nishati ya giza na hiyo ni habari nyingine kabisa, msizichanganye. Namba hizo zimepatikana kwa uhakika mkubwa kutoka satelaiti ya Planck ya Ulaya, ambayo ilipima mwanga wa kale kuliko wote, ule ulioanza safari ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 tu, na leo una miaka bilioni 13.8.

Sasa swali la mkuu yule, kitu hakionekani wala hakigusiki, wamekijuaje? Sisi watu wa pwani swali hili halitakiwi kutusumbua. Zile siku za giza ambazo mwezi hauonekani usiku kucha, na wavua dagaa wanazishangilia, bamvua si linakuja vilevile? Maji yanajaa mpaka ukutani, yakitoka unatembea mpaka kule kwenye mawe. Mwezi huuoni ila mvuto wake uko palepale kwenye maji. Basi na hawa jamaa wamefanya hivyohivyo, wameacha kutafuta kitu chenyewe wakaangalia vinavyovutwa.

Ukitaka uzito wa Jua unaangalia sayari zinavyolizunguka. Zebaki iliyo karibu inakimbia kilomita 47 kwa sekunde, Dunia 30, Neptuni kule mwisho 5 na kidogo. Ukiwa mbali mvuto unapungua, na spidi nayo inapungua, hesabu hiyo imekaa sawa toka enzi za Newton. Galaksi nayo nyota zimejazana katikati, pembezoni ni chache, kwa hiyo ungetegemea zile za pembezoni ziende taratibu kama Neptuni. Haziendi taratibu!! Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford, Wamarekani, walitoa vipimo vya Andromeda, ile galaksi jirani iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mzima). Unatoka katikati unaelekea pembeni, unazidi kwenda, spidi iko palepale kilomita mia mbili na ushee kwa sekunde. Mwaka 1980 wakaja na galaksi 21 kwa mkupuo, tabia ileile. Kwa uzito wa nyota na gesi zinazoonekana zile za pembeni zilitakiwa zimeshachomoka zikapotelea huko. Hazijachomoka, kuna kitu kimezishika.

Na Rubin hakuwa wa kwanza. Mwaka 1933 Mswisi mmoja aliyekuwa anafanya kazi California, Fritz Zwicky, aliangalia kundi la galaksi linaloitwa Coma akaona zinakimbizana kwa spidi ambayo kundi lingeshasambaratika siku nyingi. Akasema humu kuna maada isiyoonekana. Kiasi alichokadiria kilikuwa kikubwa kupita kiasi kwa sababu zama zile umbali wa galaksi ulikuwa unapimwa vibaya, ila wazo lilikuwa zima. Wakaliacha likae karibu miaka arobaini. Jamaa alikuwa mkorofi, wenzake wengi hawapatani naye, mimi nadhani na hilo lilichangia.

Nakuja, kuna mtu anataka betri.

Karabai

Siti ya mbele. Mkuu unazunguka sana, kitu hakionekani, hakigusiki, kinapita ukutani, sisi Tanga tunakijua toka enzi za mababu na kina wataalamu wake 😂😂

Fundi Baiskeli

Karabai acha utani tumsikilize mtu. Mi nina swali, kwa nini isiwe mashimo meusi tu, yale yenye mvuto mkali mpaka mwanga hautoki? Au nyota zilizozima, au masayari yanayozurura gizani hayana jua. Vyote hivyo havionekani na vina uzito. Mpaka mtu useme kuna kitu kipya si uwe umemaliza hivi vya zamani kwanza

Mwana Chumbageni

Karabai jini akiitwa anakuja, hii kitu watu wanaiita miaka na miaka chini ya ardhi na haijaitika, nitafika huko.

Fundi umeuliza swali lenyewe. Miaka ya 90 kuna timu zilikesha zikiangalia mamilioni ya nyota za Wingu Kubwa la Magellan. Wingu hilo hata wewe unaliona, toka mjini nenda kusiko na taa, njia ya Pangani pale Kigombe, Desemba au Januari usiku ukitazama kusini kuna kama kawingu ambako hakasogezwi na upepo. Ile ni galaksi ndogo jirani yetu. Wazo lao lilikuwa hivi, kama galaksi yetu imezungukwa na mashimo meusi na manyota yaliyozima, basi mara mojamoja moja litapita mbele ya nyota ya kule, na mvuto wake utaukusanya ule mwanga, nyota ing'ae zaidi kwa muda halafu irudi kama kawaida. Na kweli waliona matukio ya hivyo, lakini machache mno, uzito unaotafutwa hautimii.

Kuna na kizuizi cha pili ambacho mimi ndo naona kikali zaidi. Heliamu nyingi iliyopo, pamoja na ile haidrojeni nzito, vilipikwa dakika chache za mwanzo za ulimwengu, na kiasi kilichopatikana kinategemea wakati ule kulikuwa na protoni na nyutroni, zile chembe zinazojenga kiini cha atomu, ngapi. Ukipima kilichopo leo ukarudi nyuma na hesabu unaangukia ileile asilimia 5. Yaani atomu haziwezi kuzidi hapo. Shimo jeusi lililotokana na nyota lilianza likiwa atomu kwa hiyo limo ndani ya hiyo 5, huwezi kulihesabu mara mbili. Wapo wanaotetea mashimo meusi yaliyozaliwa kabla ya nyota yoyote, hiyo kesi haijafungwa ila imebanwa kila upande.

Binti Makorora

Nimependa ya huyo mama. Alipewa Nobel?

Mwana Chumbageni

Hakupewa dada. Kafariki Desemba 2016 na tuzo ile marehemu hapewi. Mwaka 2011 walipewa watu watatu wa nishati ya giza, 2019 akapewa James Peebles kwa kazi ya nadharia ya ulimwengu, humo humo na maada ya giza imo, na yule mama aliyekesha na vipimo hamna kitu. Na ujue darubini ya Palomar ilikuwa haiwapokei wanawake rasmi mpaka 1965, wa kwanza kuruhusiwa ndo yeye. Sasa hivi kuna kituo kikubwa huko Chile kimepewa jina lake, kamera ya megapikseli 3,200, picha za kwanza zimetoka Juni 2025. Jina kwenye jengo ni heshima, sikatai, ila mimi kwangu walimdhulumu.

Msambaa wa Lushoto

Mkuu heshima yako, umeeleza vizuri ila umeruka kitu. Spidi za nyota hazikubaliani na hesabu, sawa. Kuna njia mbili hapo, ama kuna kitu hakionekani, ama hesabu yenyewe ya mvuto ina kasoro kwenye umbali mkubwa. Wewe umechagua ya kwanza kama vile ya pili haipo. Newton hakupima galaksi, alipima mwezi na sayari.

Ustaadh Duga

Hapo Msambaa kaongea. Nasubiri jibu

Mwana Chumbageni

Msambaa hili nalisubiri toka mwanzo, na sikuliruka, nilikuwa nakuja nalo. Hiyo njia panda unayoisema wanafalaki walishaisimamia mara mbili kabla, na mara zote mbili mtu ni yuleyule, Mfaransa Urbain Le Verrier.

Mara ya kwanza sayari ya Uranus ilikuwa inapinda njia yake, haifuati hesabu. Le Verrier akasema hesabu ni nzima, kuna sayari hatujaiona inaivuta, akapiga na hesabu ya mahali ilipo. Septemba 1846 kule Berlin wakaelekeza darubini wakaikuta usiku uleule, ndo Neptuni. Jamaa akawa shujaa. Mara ya pili Zebaki nayo ikawa haikai kwenye hesabu, njia yake inazunguka kidogo kidogo, yaani kidogo kweli, kipimo kinachobaki bila maelezo ni sekunde 43 za pembe (digrii moja ina sekunde 3,600) kwa miaka mia nzima. Le Verrier 1859 akatumia dawa ileile, akasema kuna kitu hakionekani karibu na jua. Kikapewa na jina kabisa, Vulcan, na wapo walioapa wamekiona. Hakikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaja na mvuto mpya na zile sekunde 43 zikatoka zenyewe bila kuongeza sayari yoyote.

Kwa hiyo huwezi kukaa kitini ukaamua kwamba hii ya sasa ni Neptuni au ni Vulcan, hapo niko na wewe kabisa. Na wapo waliojaribu njia yako kwa heshima zote, Mordehai Milgrom wa Israeli 1983 alisema mvuto ukiwa dhaifu sana kanuni inabadilika, na wazo lake linatabiri spidi za nyota kwenye galaksi mojamoja vizuri mpaka inakera. Watu wanaomcheka hawajasoma.

Ila sasa njoo kwenye makundi ya galaksi. Kuna kundi linaitwa Kundi la Risasi, kwa kweli ni makundi mawili yaliyogongana yakapitana. Humo ndani sehemu kubwa ya atomu haiko kwenye nyota, iko kwenye gesi ya moto ambayo inatoa eksirei. Yalipogongana gesi ya huku ikakwaruzana na ya kule, ikachelewa, ikabaki katikati, satelaiti ya Chandra inaiona. Sasa pima uzito uko wapi. Unaupimaje? Kwa mwanga kupinda. Kitu kizito kinapindisha mwanga unaopita kando yake, jambo lililothibitishwa 1919 Waingereza walipokuja mpaka kisiwa cha Principe huku kwetu Afrika, upande wa magharibi, kupiga picha nyota wakati wa kupatwa kwa jua. Kwenye Kundi la Risasi wakaangalia galaksi za nyuma kabisa zimepindishwa vipi, wakachora ramani ya uzito, matokeo yakatoka 2006. Uzito mwingi hauko kwenye gesi!! Uko pembeni huku na huku, umepita moja kwa moja kama hakuna kilichogongwa, na gesi imeachwa nyuma.

Kama tatizo ni kanuni ya mvuto tu, mvuto mkubwa ungetokea penye atomu nyingi, yaani kwenye gesi. Kanuni haiwezi kutoka ilipo maada ikaenda kukaa pembeni peke yake. Hata kanuni ya Milgrom ukiipeleka kwenye makundi kama haya bado inadai uongeze kitu kisichoonekana, sasa kama mwisho wa siku unaongeza tu, tumefika palepale.

Msambaa wa Lushoto

Hiyo ya Risasi sina jibu la haraka. Naenda kusoma nitarudi.

Ustaadh Duga

Mwana Chumbageni allah akuzidishie. Mi swali langu dogo, hiyo maada kama ni nyingi mara tano ya atomu mbona hapa hatuioni ikivuta kitu? Hapa kibarazani kwangu ipo au haipo?

Mwana Chumbageni

Ipo shehe, inapita kwenye kikombe chako cha kahawa sasa hivi, inapita kwenye mwili wako, inatoka upande wa pili wa dunia na haijagusa kitu. Haina chaji ya umeme ndo maana haitoi mwanga, haizuii mwanga, na haikai juu ya meza, kwa sababu hata meza inakuzuia kwa umeme wa atomu zake.

Kuhusu wingi, maeneo yetu haya ya galaksi makadirio ni kama uzito wa theluthi moja ya protoni kwa kila sentimita ya ujazo. Nimepiga hesabu kwa dunia nzima, toka juu mpaka kwenye kiini chake, wakati wowote ule maada ya giza iliyomo ndani ni kama nusu kilo na kidogo.

Karabai

NUSU KILO??? dunia nzima? Mkuu nusu kilo ndo inazuia nyota zisikimbie? Hata sukari ya uji wa futari haitoshi 😂😂😂 funga uzi

Mwana Chumbageni

😂 Karabai wewe unaangalia dunia tu. Atomu zimekusanyika, zinagongana, zinapoa, zinaganda zinakuwa mawe na samaki na wewe. Maada ya giza haigongani na kitu kwa hiyo haiwezi kupoa ikaganda, imebaki imetanda nyembamba. Lakini imetanda KOTE. Kati ya jua letu na nyota ya jirani ni zaidi ya miaka ya nuru minne ya utupu ambao atomu zake ni za kuhesabu, na hiyo kitu imo humo mwote, na inaendelea mbali kupita pale nyota zinapoishia. Jumlisha ukubwa huo uone kama itabaki nusu kilo. Ndani ya mfumo wa jua jua lenyewe limeshatawala, athari yake huipati kabisa, ndo maana Newton hakuiona.

Na ndo maana wanaitafuta kwa shida. Kule South Dakota Marekani kuna mgodi wa zamani wa dhahabu, wameshuka karibu kilomita moja na nusu chini, wameweka tangi la zenoni ya kimiminika (gesi iliyopozwa mpaka ikawa kama maji) tani 10, kimya, giza totoro. Wanasubiri chembe moja ya maada ya giza igonge kiini kimoja cha zenoni, itoe kamwanga kadogo. Wameshuka chini kote huko kwa sababu huku juu kuna mvua ya chembe kutoka angani ambayo ingewapigia kelele mchana na usiku. Italia wana la kwao chini ya mlima wa Gran Sasso, China wako Jinping chini ya mwamba wa kilomita 2 na ushee. Mwaka 2024 hao wa South Dakota walitoa matokeo ya siku 280 za kusubiri.

Karabai

Wakapata nini

Mwana Chumbageni

Hamna. Na ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe ya CERN kule Ulaya, iliyopata chembe ya Higgs 2012, nayo kwenye hili mpaka leo hamna.

Niseme ukweli hapa ndipo mimi naona wanaopinga wana haki ya kusema. Kuna chembe iliyokuwa inapewa nafasi kubwa kuliko zote, nzito kuliko protoni na haishiki karibu na kitu chochote, nadharia ilikuwa nzuri, imenyooka, na tangi baada ya tangi haijatokea. Sasa wengine wamehamia kwenye aksioni, hizo ni chembe nyepesi kupita kiasi, vifaa vya kuzitafuta vinafanana na redio kuliko tangi, unazungusha masafa taratibu taratibu unasikiliza. Nyutrino nazo zilifikiriwa zamani kwa sababu zipo kweli na hazionekani, ila ni nyepesi na zina mbio sana, zisingeweza kutulia galaksi zikajengeka juu yake.

Fundi Baiskeli

Hapo kwenye kujengeka fafanua kidogo

Mwana Chumbageni

Ulimwengu wa mwanzo ulikuwa karibu sawasawa kila mahali, tofauti ya joto kwenye ule mwanga wa kale ni kama sehemu moja kwa laki moja. Atomu peke yake zisingewahi kukusanyika kutoka kwenye utofauti mdogo hivyo, maana mwanzoni mwanga ulikuwa unazisukuma zisijikusanye. Maada ya giza haisukumwi na mwanga, ikatangulia kujikusanya, atomu zilipoachiwa zikakuta mashimo ya mvuto yako tayari zikatumbukia. Bila hiyo usingekuwepo hapo unatengeneza baiskeli za watu.

Binti Makorora

Na hiyo 68 umeikimbia kaka

Mwana Chumbageni

Sijaikimbia dada, ni kwamba ina maneno machache. Mwaka 1998 timu mbili zinazoshindana zilipima supanova za mbali, nyota zinazolipuka kwa mwanga unaojulikana kiasi chake, zikakuta zimefifia kuliko hesabu. Maana yake ulimwengu unatanuka na mtanuko unaongeza kasi, wakati wote walidhani mvuto unaupunguza. Kinachosukuma kikaitwa nishati ya giza. Haijikusanyi kwenye galaksi, iko sawasawa kila mahali. Sasa kuna mradi wa DESI kule Arizona, 2024 na tena 2025 wametoa vipimo vya mamilioni ya galaksi vinavyoashiria kwamba huenda inadhoofika kadiri muda unavyokwenda. Hawajafikia kiwango cha kusema tumegundua. Mimi hiyo nasubiri, sina upande.

Fundi Baiskeli

Na ikipatikana hiyo maada itatusaidia nini sisi

Mwana Chumbageni

Bei ya unga haitashuka. Lakini nyie si ndo mnabishana mpaka saa sita usiku kama Coastal walistahili penati, hilo linawasaidia nini?

Msambaa wa Lushoto

Nimerudi. Nimekubali Risasi ni tatizo kwa Milgrom. Lakini nimekuta kitu, mwaka 2021 kuna wawili, Skordis na Złośnik, wametengeneza kanuni ya mvuto ya ukoo uleule wa Milgrom, na wameilinganisha na ule mwanga wa kale wa Planck ikakubali. Na wewe ulituambia namba zako zina uhakika mkubwa kwa sababu ya Planck.

Mwana Chumbageni

Safi, hiyo ndo hoja ya maana. Hiyo kazi ni nzuri na naiheshimu. Ila angalia walivyofanya, wameongeza kitu kipya kilichotanda anga lote, ambacho siku zile za mwanzo kinajiendesha kama vumbi, kina mvuto na hakisukumwi na mwanga. Sasa Msambaa niambie wewe, kitu kilichotanda kote, kina mvuto, mwanga haukigusi, mimi nimekuwa nakiitaje toka mchana?

Msambaa wa Lushoto

Kwenye galaksi kinafanya tofauti na cha kwako. Hapo ndo pa kupimia.

Mwana Chumbageni

Kweli, na kupimika kunapimika. Kama ni kanuni, basi iwe kwa kila galaksi bila ubaguzi. Mwaka 2018 kuna timu ilitangaza galaksi moja hafifu, NGC 1052-DF2, ambayo nyota zake zinakwenda kama maada ya giza haimo kabisa. Watu wamebishana sana juu ya umbali wake kwa sababu ukibadilisha umbali uzito nao unabadilika. Ila ikisimama, kanuni yako ina kazi ya kueleza kwa nini imeisahau galaksi moja, mimi nasema tu hiyo imenyang'anywa maada yake. Anza na hiyo, kesho nikifungua duka tuendelee.